Tanzia ya Achari ya Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale ile ya mbali, maana simu zilikuwa zimeshaingia mwituni na bando lilikuwa likiisha kabla habari haijaisha, aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene kidogo, hana mkia, anashinda juu ya mawe akiota jua. Ukimwona unasema huyu hawezi kumtisha hata mende. Nami nilisema hivyohivyo, mpaka nilipohadithiwa haya.

Bi Pimbi alikuwa mpishi wa achari ya ndimu. Ndimu alizikata, akazitia chumvi, akazianika juu ya jiwe mpaka jua likazikunja. Halafu ndipo akaingia jikoni na pilipili, kitunguu saumu, haradali na siki. Siku ya kukaanga pilipili watoto wake wote walitoka nje mbio, chee, chee, chafya juu ya chafya. Achari hiyo aliiuza kivukoni, pale mtoni wanapovukia wanyama wote wakienda malishoni na kurudi. Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo, lakini ndicho kilichomlisha yeye, mumewe, na watoto wengi ambao siku nyingine hata mama yao aliwachanganya majina.

Sasa, kibanda cha kivukoni hakikuwa cha mtu mmoja milele. Kila mwaka yalifanyika Maonyesho ya Biashara ya Mwitu, na sheria ilikuwa moja tu: siku ya kufunga, banda lenye foleni ndefu kuliko mengine yote, mwenyewe ndiye anayeuza kivukoni mpaka maonyesho mengine. Miaka yote foleni hiyo ilikuwa ya Bi Pimbi. Mwaka huo akatokea Tembo.

Tembo naye alifungua biashara ya achari. Ila yeye ndimu hakuzikata. Alizimwaga uwanjani akazikanyaga, pu, pu, pu, maganda, kokwa na mchanga humohumo. Hakufanya kwa ubaya, aliambiwa kuwa viwanda vikubwa ndivyo vinavyofanya.

Aliyemwambia ni Fisi. Fisi alikuwa mgeni katika mwitu ule, katoka nyika ya mbali na simu mbili zinaning'inia shingoni. Alimwendea Tembo akamwambia, "Bosi, wewe usihangaike. Jina unalo, umbo unalo. Nipe mimi kazi ya kukutangaza."

Akamtangaza kweli. Ukurasa wa Tembo mtandaoni ukapata wafuasi mpaka Fisi mwenyewe akaacha kuwajibu. Wa Bi Pimbi ulikuwa na mumewe, dada yake, na shangazi mmoja aliyesahau nywila akawa haingii tena.

Siku ya kugawa nafasi, Bi Pimbi alifika mapema na mitungi yake. Mwenyekiti wa Maonyesho alikuwa Kiboko, kajaza kiti chote na nusu ya meza.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Nafasi yako ile kule."

Bi Pimbi akainuka kwa vidole atazame. "Kule wapi? Kule mimi naona choo."

"Nyuma yake."

"Nyuma ya choo?"

"Kuna kivuli kizuri."

"Mwenyekiti, mimi nauza chakula."

"Na watu wakishakula si wanakwenda choo?" Kiboko akamjibu bila hata kumtazama. "Umewekwa karibu nao."

Bi Pimbi akabaki mdomo wazi. Kisha akaona kitu kilichomfanya aufunge: Kiboko alikuwa amevaa fulana mpya, na kifuani pana picha ya Tembo. Wanangu, mtu mzima, mwenyekiti, ana watoto nyumbani, amemweka mama wa watu nyuma ya choo kwa fulana. Nilipoambiwa haya niliomba niambiwe tena, nilidhani sikusikia vizuri.

Maonyesho yakafunguliwa. Banda la Tembo lilikuwa getini kabisa, vipaza sauti vinaunguruma, dum, dum, dum, na Fisi anagawa fulana na kofia za bure kwa kila anayeingia kwenye foleni. Nyuma ya choo palikuwa kimya. Waliofika huko walifika mbio, na hawakuwa na nafasi ya kuonja kitu.

Nungunungu mmoja alikaa kwenye kiti cha wateja. Bi Pimbi akafurahi, akachota kijiko.

"Karibu, kaka. Onja bure."

"Samahani, dada," akasema Nungunungu, amebana miguu. "Si hapa pa kusubiria?"

"Pa kusubiria nini?"

Nungunungu akaelekeza mdomo upande wa choo. Bi Pimbi akarudisha kijiko mtungini.

Mume wake, Baba Siwema, alikuwa mtu wa kuona mwisho wa mambo kabla ya mwanzo. "Mama Siwema," akasema, "tufunge tuondoke."

"Tukikikosa kivuko tutauza wapi?"

"Kule kwetu majabalini."

"Kwa nani? Kwa mijusi?"

"Mijusi hawali pilipili," akasema Baba Siwema kwa huzuni.

"Ndicho ninachokwambia."

Wakiwa katika hayo, Fisi akapita, simu mkononi, anajipiga picha. Akasimama, akaangua kicheko chake kile, hi hi hiii.

"Mama, hili banda au makaburi?"

Bi Pimbi hakukasirika. "Msalimie mtani wangu Tembo," akasema. "Mwambie pua yote ile ndefu, na bado haijamwambia kwamba achari yake inanuka miguu."

Kicheko cha Fisi kikakatika. Manyoya ya shingo yakamsimama. "Umemtukana bosi wangu?"

"Huyo ni mtani wangu."

"Sijui mtani, sijui nini. Umemtukana bosi, na mimi ndiye mdomo wa bosi. Utanitambua." Akaondoka anachechemea kwa hasira.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Tembo ni watani. Huko nyuma mababu zao walipigana, wakachoka, wakapatana, wakawekeana utani. Tangu hapo Pimbi anaweza kumwambia Tembo neno lolote, iwe harusini au msibani, na Tembo vilevile. Atakayekasirika ndiye aliyekosa, na atalipa faini atakayoitaja mwenzake. Faini ya utani haikataliwi. Kila aliyezaliwa mwitu ule alilijua hilo tangu mgongoni mwa mama yake, ila Fisi hakuzaliwa pale, na kuuliza hakukuwa desturi yake.

Bi Pimbi alimtazama Fisi akiishia. Akaanza kutabasamu.

"Unacheka nini?" akauliza Baba Siwema, ameingiwa na hofu.

"Nipe simu."

"Bando limebaki kidogo sana."

"Linatosha."

Akatafuta picha ya Tembo. Aliipata ya siku Tembo alipooa, kavaa suti, uso umekunjamana kwa sababu viatu vilikuwa vinambana. Chini yake akaandika:

"TANZIA. Ukoo wa Pimbi unasikitika kutangaza kifo cha achari ya mtani wetu mpendwa, Tembo. Marehemu alizaliwa chini ya nyayo, akaishi maisha mafupi yenye uchungu, na amefariki mdomoni mwa mteja wa kwanza. Habari ziwafikie wote walioionja wakanyamaza kwa woga. Shughuli za msiba zinafanyika Maonyesho ya Biashara, banda la nyuma ya choo. Achari ya kufutia machozi itakuwepo."

Ting. Ikaondoka, na dada yake akairusha kwenye makundi yote.

Ninyi mmeisikia yote kwa sababu mimi nimewasomea. Wanyama hawakusoma yote. Waliona neno tanzia, wakaona uso wa Tembo una huzuni, basi, wakaanza kusambaza. Ting, ting, ting, mwitu mzima. Swala akaandika, "Siamini, jana tu tulikunywa naye maji." Twiga akabadilisha picha yake akaweka nyeusi tupu. Nyumbu mmoja akaandika kwamba yeye aliishuhudia ajali kwa macho yake, na akaeleza gari lilikotokea. Nilipofika hapo, wanangu, nilikaa chini. Mtu hajafa, na mwenzake ameshaona gari.

Kulipopambazuka, uwanja wa Tembo ulikuwa umejaa. Akina mama wamefika na masufuria, wengine wameshainjika wali. Nyani wameleta viti. Ngiri alikuwa shimoni anachimba, jasho linamtiririka, maana kaburi la tembo si kazi ya asubuhi moja. Vilio vimepamba moto, yuuuwi, yuuuwi.

Mlango ukafunguliwa, Tembo akatoka na mswaki mdomoni.

Kilio kikakatika. Nyumbu yule wa ajali akaanguka chini, pu, akazimia.

Tembo akawatazama mmoja mmoja. Akautoa mswaki. "Jamani, poleni. Nani amefiwa?"

Mwishowe sauti ya Ngiri ikatoka shimoni. "Wewe."

"Mimi nimefiwa na nani?"

"Na... wewe."

Swala akampa simu. Tembo akasoma. Alipofika "alizaliwa chini ya nyayo" mkonga ukaanza kumtikisika, na watu wakadhani anaanza kulia. Alipofika "achari ya kufutia machozi" akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka masufuria yakagongana mekoni.

"Huyu Bi Pimbi," akasema anafuta macho. "Huyu ataniua kweli siku moja. Ngojeni nifikirie la kumjibu, na mimi lazima nimwue mtu wa kwao."

Wazee wa pale wakacheka naye, wakaelewa. Na kwa kuwa wali ulikuwa umeshaiva, hakuna aliyeona sababu ya kuondoka.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Fisi hakuwa kwa Tembo asubuhi ile, alikuwa getini kwenye maonyesho, mubashara, simu kaiinua juu na povu mdomoni.

"Wafuasi wa Tembo," alisema, "hapa anayezungumza ni Tembo mwenyewe kupitia kinywa changu. Nimekasirika. Nimekasirika vibaya sana. Kuna mama mmoja mfupi, hana mkia, amenitangazia kifo. Mtu asikanyage bandani kwake."

Maswali yakaanza kumiminika chini ya picha. Banda gani?

"Lile la nyuma ya choo. Ukiingia getini unashika kulia, unafuata harufu. Halafu unasikia harufu nyingine, ya pilipili. Ni hapohapo. Msiende."

Geti la mbele au la nyuma?

"La mbele. Msiende."

Kwani huyo mama kasema nini? Hebu tusikie.

Basi Fisi, ili watu waone ubaya wa Bi Pimbi, akaisoma tanzia yote kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini, mpaka pale penye achari ya kufutia machozi. Aliisoma vizuri, maana sauti alikuwa nayo. Halafu akairudia kwa waliochelewa.

Nyuma ya choo, Baba Siwema alichungulia akarudi mbio. "Mama Siwema, watu wanakuja. Wengi. Wamekunja sura."

"Waache waje."

Wakaja, nyati mbele, wamekuja kumwona aliyemuua Tembo. Bi Pimbi alikuwa kajifunga kanga kichwani kimsiba.

"Karibuni, poleni sana," akasema. "Kwa huzuni hii, kila mtu apate kijiko."

Nyati akaonja ili apate cha kutema. Hakutema. Alitafuna, akakodoa macho, machozi yakamtoka, pua ikaanza kuchuruzika. Wenzake walisubiri.

"Nipe chupa," akasema Nyati. Halafu akainama na kunong'ona, "Na nyingine ya mama watoto."

Ikawa biashara. Lakini foleni ya Tembo bado ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu fulana zilikuwa hazijaisha. Na mchana Kiboko akaja mwenyewe, miguu mizito, ndi, ndi, ndi.

"Mama, umezua taharuki," akasema. "Jioni hii unafunga banda. Kesho, siku ya kufunga, sitaki kukuona hapa. Labda Tembo mwenyewe aje aniambie amekusamehe."

Baba Siwema akakaa juu ya mtungi. Kivuko kilikuwa kinakwenda hivyo, kwa maneno ya mtu mwenye fulana. Bi Pimbi yeye alifunga kanga vizuri akachukua simu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mtani wangu. Nina deni la kudai."

Kwa Tembo watu walikuwa bado wanakula. Bi Pimbi akapiga hodi.

"Nani?"

"Nimekuja kuzika."

"Karibu, muuaji," akasema Tembo, na uwanja mzima ukacheka. "Kaa hapa, kula wali wa msiba wangu."

Bi Pimbi hakukaa. "Nimekuja kuchukua faini, mtani."

"Faini ya nini? Mimi nimecheka mpaka mbavu zinaniuma."

"Ukurasa wako unasema umekasirika."

Akaweka simu chini na kuibonyeza. Sauti ya Fisi ikatoka: "Hapa anayezungumza ni Tembo mwenyewe kupitia kinywa changu. Nimekasirika. Nimekasirika vibaya sana."

Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Hata watoto waliacha kutafuna. Tembo aliinama akaisikiliza mara ya pili, masikio yamelala.

"Si mimi niliyesema," akanong'ona.

"Hilo jina la nani?" akauliza Bi Pimbi.

"Langu."

"Na hiyo picha?"

"Yangu."

Shangazi yake Tembo, mama mzito aliyekuja kutoka mbali kulia, akasimama na ukoko mkononi. "Tangu babu yako," akasema, "hakuna Tembo aliyemkasirikia Pimbi. Hakuna. Na wewe umekasirika mbele ya mwitu mzima, tena kwa kumtuma mtu. Lipa, kabla sijarudi kwetu na habari hii."

Tembo akavuta pumzi ndefu. "Taja faini yako, mtani."

"Kwanza umwambie Kiboko hujakasirika. Pili, kesho ukae bandani kwangu tangu asubuhi mpaka kufunga, ule achari yangu. Sitaki unisifie. Ukae tu, ule."

"Nyuma ya choo?"

"Nyuma ya choo."

"Haya," akasema Tembo, na jioni ileile akaenda kumwambia Kiboko kwamba hana hasira.

Siku ya kufunga, watu waliokuwa kwenye foleni ya getini walisikia kishindo. Tembo huyo. Fisi akakimbia kumpokea na kipaza sauti.

"Bosi, karibu. Banda letu hili hapa."

Tembo akapita.

"Bosi, umepitiliza."

Tembo akashika kulia, akafuata harufu. Alipofika nyuma ya choo akajishusha chini, vumbi likapanda, akapewa bakuli.

Habari haikuhitaji bando. Kila mtu alitaka kumwona marehemu akila. Foleni ikaanza mezani kwa Bi Pimbi, ikazunguka choo, na wenye haja zao wakalazimika kuanzisha mstari wao upande wa pili. Ikapita kwa wauza asali, ikapita kwa mafundi vyungu, ikafika kwa Kiboko, akahamisha meza yake ipite. Getini watu walikuwa wanatoka kwenye foleni ya Tembo, fulana mpya mwilini, wanakwenda kuunga mkia kule.

Fisi akaona hatari. Akajipenyeza mpaka mbele, simu juu, mubashara. "Wafuasi, mnaona wenyewe. Bosi analazimishwa kula sumu. Tazameni uso wake."

Tembo alitia kijiko mdomoni. Akatafuna mara kadhaa, akaacha. Machozi yakaanza kumtiririka kwenye mikunjo ya mashavu.

"Hii," akasema Tembo polepole, "ni achari yangu."

Bi Pimbi aliyekuwa anamchotea mteja akaduwaa, kijiko hewani. Hilo hakulitegemea. "Mtani," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "nitukane utakavyo, lakini kazi ya mikono yangu usiniibie."

"Sitanii, Bi Pimbi. Hii ndiyo ninayokula nyumbani kila siku. Kwenye kopo langu, lenye picha yangu. Fisi huniletea."

Vichwa vyote vikamgeukia Fisi. Simu ilikuwa bado iko juu.

"Kumbe yule nyani," akasema Baba Siwema kwa mshangao, "anayekuja kivukoni kununua mtungi mzima na hataki kusema katumwa na nani..."

"Fisi," akasema Tembo. "Niletee kopo la bandani kwetu. Lile wanalonunua watu."

"Bosi, chaji inaisha."

"Lete."

Likaletwa. Tembo akachota, akatia mdomoni. Krach. Ulikuwa mchanga. Akajaribu kumeza, ikakataa, akageukia ukuta wa choo akatema. Aliporudisha uso hakuna aliyetaka kuutazama. Na ukubwa wake wote ule, alikuwa amesimama kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

"Hiki ndicho nilichowauzia watu?"

Fisi akalamba midomo. "Bosi, watu hawali achari. Watu wanakula jina."

"Na mimi mwenyewe ulikuwa unanilisha nini?"

Fisi hakuhitaji kujibu, kwa sababu wafuasi wote wa Tembo, waliopo na walioko majumbani, walikuwa wanamtazama kwa simu yake mwenyewe. Maneno yalikuwa yanapanda chini ya picha yake haraka mpaka hayasomeki. Hatimaye aliyaona. Akaanza kurudi kinyumenyume, mkia umeingia katikati ya miguu, lakini nyuma palikuwa na foleni, na foleni haikumpisha.

Kiboko akafika anahema. Aliuangalia mstari ulipoanzia, akauangalia ulikopotelea. Akavuta fulana yake kwa chini, nadhani alitamani kuivua, lakini chini yake hakuwa na kitu.

"Kivuko," akasema kwa sauti ndogo, "ni cha Bi Pimbi."

Baba Siwema akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa kweli. Tembo alikuwa anaondoka, kichwa chini, na Bi Pimbi akamkimbilia, hatua zake nyingi kwa moja ya mwenzake.

"Mtani. Umenikasirikia?"

Tembo akageuka. "Sithubutu," akasema. "Faini zako siziwezi."

Bi Pimbi akarudi bandani. Fisi alikuwa bado amebanwa katikati ya foleni, anatafuta upenyo. Bi Pimbi akamjazia chupa moja, akaikaza kifuniko vizuri, akamshikisha mkononi.

"Chukua, kaka, hii haina malipo," akasema kwa adabu zote. "Ulinisomea tangazo langu mbele ya mwitu mzima, tena ukarudia kwa waliochelewa, na njia ukawaelekeza. Mimi kwa bando langu lile nisingefika popote."

Na funzo ni hili, wanangu: ukimkasirikia mtu mbele ya umati, umemtafutia wateja.